Uani, baa, godauni ama ukumbi wa kaunti: shoo ya andagraundi Nairobi uiweke wapi kanjo wasikufungie

Kama mko na kundi la watu hamsini sitini wanaopenda muziki ambao redio haichezi, iwe ni metal, hardkoo, noizi, rap ya mtaani ama benga ya kujaribu-jaribu, na kila mwezi mnatafuta mahali upya, basi hili swali mmeshalipiga WhatsApp mpaka watu wakatoka kwa grupu. Tufanyie kwa kina nani? Tuombe baa? Tukodishe godauni Industrial Area? Ama twende tu ukumbi wa kaunti tukubali kufunga mapema? Kila mmoja ana jibu lake na kila mmoja anaapa jibu lake ndio la kweli, kumbe wengi wanajibu maswali tofauti.

Mimi msimamo wangu nauweka mapema ndio usome ukijua: kanjo, yaani askari wa kaunti, mara nyingi hajitokezi tu, anaitwa. Kuna mtu mahali fulani ameshindwa kulala, ama amezibiwa geti, ama ana mtoto mgonjwa, akachukua simu. Kwa hivyo unapochagua mahali, usianze kuuliza kama kanjo wanapita hiyo barabara. Anza kuuliza ni nani atapiga simu, na saa ngapi.

Mambo ya kupima kwanza

Nitapima kila mahali kwa mambo yale yale: kelele, karatasi, pesa, usalama wa watu, na uhuru, yaani nani anaamua na mtakaa hapo kwa muda gani. Lakini kelele lazima nieleze kidogo manake ndio inayoua shoo nyingi na watu wengi hawajawahi kusoma kanuni zenyewe.

Kanuni za kelele za 2009, zile zilizo chini ya sheria ya mazingira, zinakata siku mara mbili. Mchana ni kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa mbili usiku, usiku ni kuanzia saa mbili hiyo mpaka asubuhi. Kwenye makazi, nje, kikomo cha mchana ni desibeli 50. Mtaa wenye makazi na biashara zimechanganyika ni 55. Eneo la biashara ni 60. Sasa ikishafika usiku kote huko kunashuka mpaka 35, hata eneo la biashara, 35, hiyo ni kama watu wanaongea kwa kunong'ona. Drams peke yake bila maiki yoyote inafika desibeli 100 ukisimama karibu, na nje kwa hewa wazi sauti inapungua kama desibeli 6 kila umbali unapoongezeka maradufu, kwa hivyo 100 ya mita moja ni 70 hivi ukifika mita 32. Piga hiyo hesabu ukifikiria jirani yako yuko mita ngapi. Shoo ya usiku nje, kwa kipimo, imeshavunja kanuni kabla gitaa halijachomekwa.

Alafu kuna pombe. Sheria ya pombe ya 2010 inasema baa ya kawaida inauza kuanzia saa kumi na moja jioni mpaka saa tano usiku siku za kazi, na wikendi na sikukuu inaanza saa nane mchana. Weka hizo sheria mbili pamoja uone kitu ambacho watu wengi hawajaona: Jumamosi na Jumapili, kuanzia saa nane mchana mpaka saa mbili usiku, baa iko ndani ya saa zake na kelele bado inahesabiwa kwa kipimo cha mchana. Hayo ni masaa sita, bendi tano zinaingia hapo vizuri sana na watu wanapata matatu ya bei ya kawaida wakienda nyumbani. Bado haimaanishi upige mpaka ukuta utetemeke, 60 ni 60, lakini angalau hujaanza ukiwa umeshapoteza.

Na nani anasimamia? Katiba ya 2010 iliweka kelele, burudani za umma na leseni za pombe kwa kaunti. Ndio maana ni kanjo anabisha. Mwisho wa 2022 gavana Sakaja alitangaza kwamba kaunti haitatoa leseni za naitiklabu kwenye mitaa ya makazi, na watu wa andagraundi wengi wakasema haituhusu sisi si klabu. Sawa, lakini jirani aliyesikia lile tangazo alielewa kitu kimoja tu, kwamba malalamiko yake yana mahali pa kwenda.

Uani kwa mtu

Hii ndio shule ya kila mmoja. Kuna mtu Buruburu ama South B ama Lang'ata ana nyumba ya wazazi yenye ua kidogo, wazazi wameenda ushago, na hapo shoo imezaliwa.

Kelele: hapa hesabu ni mbaya kuliko kote, 50 mchana na 35 usiku, na ua hauna paa. Ukuta wa mawe unazuia kidogo sauti nyembamba lakini beisi inapita kama haijaona ukuta. Kama lazima mfanye, ingieni ndani sebuleni, drams ikae kona isiyoshikana na ukuta wa jirani, na mdrama atumie vile vijiti vyembamba vilivyofungwa pamoja badala ya vijiti vya kawaida, atalalamika wimbo wa kwanza alafu atazoea. Spika ya beisi usiiweke chini kwa simiti, iweke juu ya godoro kuukuu ama sponji nzito, manake sakafu ndio inabeba ule mtetemo mpaka kitandani kwa mtu. Geuza spika zote ziangalie barabara, zisiangalie jikoni kwa jirani. Alafu wakati wa kujaribu mitambo tuma mtu na simu yenye programu ya kupima kelele atembee mpaka geti la nyumba ya tatu, simu si kipimo cha kotini lakini itawaambia kama kugeuza spika kumesaidia ama hapana.

Karatasi: sherehe ya nyumbani haihitaji leseni ya biashara. Lakini ukishaweka posta Instagram na bei ya mlangoni, hiyo si sherehe tena, na kuiita "mchango" badala ya tiketi hakubadilishi kitu mbele ya mtu anayejua kazi yake. Ndio maana wanaofanya hivi kwa muda mrefu wanatoa posta bila anwani, anwani inatumwa kwa mtu mmoja mmoja, na orodha ina mwisho. Usiuze pombe kabisa, watu waje na zao, na kama kuna watoto wa chini ya miaka 18 basi hakuna pombe siku hiyo, mwisho wa maneno. Siku kadhaa kabla pita kwa mwenyekiti wa nyumba kumi, pita kwa chifu, pita kwa jirani wa kushoto, wa kulia na wa nyuma. Uso kwa uso. Sema tunaanza saa nane tunafunga saa moja na nusu, namba yangu hii, mama ukisikia imezidi nipigie mimi kwanza. Hiyo sentensi ya mwisho imeokoa shoo nyingi kuliko karatasi yoyote.

Pesa: karibu bure. Spika za kukodi, maji, mtu wa geti.

Usalama: hapa watu hawaongei ukweli. Nyumba nyingi zina geti moja, na dirisha lina grili, kwa hivyo mlango ukizibwa hakuna njia nyingine. Ampu tatu na friji kwa eksitensheni moja ni kutafuta moto. Watu arobaini ndio mwisho kwa sebule, sio sitini.

Uhuru: mkubwa kuliko kote, hakuna anayekwambia ucheze nini. Ila haidumu. Jirani anavumilia ya kwanza, ya pili ananuna, ya tatu anapiga simu. Zungukeni nyumba, kila nyumba ipumzike miezi kadhaa.

Inawafaa wanaoanza, bendi zisizo na sauti nzito, na mtu ambaye kweli anaongea na majirani zake mwaka mzima sio siku ya shoo tu. Kama unakaa ghorofa ya kukodi sahau, landlodi atakufukuza kabla kanjo hajafika.

Baa ama mkahawa wa mtu, siku isiyo na wateja wengi

Karatasi (naanza nazo hapa kwa sababu ndio sababu ya kwenda baa): mwenyewe ana leseni ya pombe na permiti ya biashara, ile ambayo kaunti iliunganisha vibali kadhaa kuwa kimoja pamoja na mambo ya moto. Lakini usiamini tu kwa sababu kuna karatasi zimebandikwa kwa ukuta. Soma. Tarehe imeisha? Ni leseni ya baa ama ya mkahawa? Anuani ni ya hapo ama ya tawi lingine? Uliza pia nani analipia haki za muziki, manake MCSK, KAMP na PRISK, yale mashirika ya kukusanya malipo ya wanamuziki, wamekuwa na mivutano ya nani ameruhusiwa kukusanya, kwa hivyo kila mwaka angalia KECOBO, bodi ya hakimiliki, imempa nani kibali kabla ya kumlipa mtu yeyote aliyevaa beji. Na ndiyo, hata kama bendi zinacheza nyimbo zao wenyewe, DJ wa katikati anacheza za watu.

Kelele: inategemea baa iko wapi. Ya barabara kubwa yenye maduka pande zote ni sawa, ya chini ya ghorofa za makazi ni kama kufanyia uani tu, tofauti ni kwamba faini ni ya mwenye baa na yeye ndiye atazima.

Pesa: makubaliano ya kawaida ni yeye achukue vinywaji, nyinyi mchukue mlango. Chukua mfano, watu 80 kwa shilingi 300 ni 24,000, mtoe mtu wa sauti, mtoe usafiri wa bendi, kinachobaki mgawane. Shida ni kwamba watoto wa hardkoo hawanywi sana, wananunua soda moja wanakaa nayo masaa matatu, na mwenye baa anahesabu kreti. Mwambie ukweli mapema, na mkubaliane kiasi cha chini ambacho mtamfidia kama mauzo yamekuwa mabaya, andikeni, hata kama ni kwa ujumbe wa simu.

Alafu mpira. Yale masaa sita niliyosifu huko juu ndio masaa ya Ligi Kuu ya Uingereza, mechi za saa tisa za kule ni saa kumi na moja ama saa kumi na mbili jioni huku kwetu kulingana na msimu, na hakuna mwenye baa Nairobi mwenye akili timamu atazima Arsenal ili mtu apige kelele kwa maiki. Kwa hivyo tafuteni baa yenye chumba cha juu ama cha nyuma, ama wikendi ambayo ligi imesimama kwa ajili ya timu za taifa, hizo tarehe zinajulikana mapema, mziweke kwa kalenda.

Usalama: kuna milango, kuna vyoo, kuna mabaunsa. Mabaunsa waelezeni mapema kwamba watu wakianza kugongana mbele ya jukwaa hawapigani, wanacheza, na akianguka mtu wenzake watamwinua. Msipoeleza watavuta nusu ya safu ya mbele nje wimbo wa pili, na hapo ndio ugomvi wa kweli unaanza.

Uhuru: mdogo. Leo mnapendwa, kesho meneja mpya amekuja na karaoke. Wa chini ya miaka 18 hawaingii, na kusema kweli hao ndio mashabiki wenu wa miaka kumi ijayo.

Inawafaa watu wenye mashabiki wakubwa kiumri, wasiotaka kushika karatasi, na wanaoweza kujaza mahali bila kubahatisha.

Godauni Industrial Area

Hii ndio ndoto ya kila mtu. Dari refu, ukuta mbaya unaopendeza kwa picha, hakuna mtu wa kukuambia punguza. Na inawezekana: The GoDown Arts Centre ilianza 2003 kwenye godauni la Dunga Road, wasanii wa kila aina wakapata nyumba hapo. Ila ile ilikuwa taasisi, yenye wafadhili na wafanyakazi. Nyinyi ni grupu ya WhatsApp.

Kelele: usiku viwanda vingi vimelala, kwa hivyo wa kupiga simu ni wachache. Lakini msiseme hakuna anayekaa huko. Mukuru iko pale pale nyuma ya viwanda, nyumba za mabati zisizozuia hata sauti ya redio, na watu wanaamka saa kumi alfajiri kwenda kibarua. Kwamba wao malalamiko yao hayasikizwi haraka kama ya Kilimani si sababu ya kuwapigia beisi mpaka asubuhi. Na godauni lenyewe pia ni mabati, paa linatetemeka na kuongeza kelele yake, mvua ikinyesha hamsikii hata mwimbaji.

Karatasi: hapa ndio uzito wa kazi. Mkataba wa godauni unasema kuhifadhi mizigo ama karakana, na siku mtakayoingiza watu mia mbili mmebadilisha matumizi ya jengo. Mnahitaji landlodi akubali kwa maandishi, mnahitaji permiti ya kaunti ya kazi hiyo hasa, watu wa zimamoto wakague, na mkitaka kuuza pombe hiyo ni safari nyingine kabisa. Njia ambayo nimeona ina mantiki ni kuanza na studio ya mazoezi na karakana ya kurekebisha ampu na gitaa, biashara halali inayojulikana, alafu shoo ziwe chache na zenye kibali chake kila moja.

Usalama: nitakaa hapa kidogo. Tarehe 2 Desemba 2016, huko Oakland, Marekani, godauni lililoitwa Ghost Ship, wasanii wakiishi na kufanya shoo humo ndani bila ruhusa ya matumizi hayo, liliungua wakati wa shoo na watu 36 wakafa. Walikuwa watu kama sisi kabisa, muziki kama wetu, kodi imewashinda kwingine. Karibu miaka minne kabla, Januari 2013, klabu ya Kiss kule Santa Maria, Brazil, iliwaka kwa sababu fataki ya jukwaani ilishika sponji ya kuzuia sauti iliyokuwa darini, watu 242. Sponji. Sasa tembelea studio za mtaani uone trei za mayai zimegundishwa ukutani kutoka chini mpaka juu. Trei za mayai hazizuii sauti isitoke nje, zinapunguza tu mwangwi kidogo wa sauti nyembamba, na zinawaka vizuri mno. Kama mtafanya godauni basi trei zitoke, milango ya kutokea iwe miwili na yote ifunguke kwa nje bila funguo, jenereta ikae nje manake kuna gesi kwa moshi wake inaua bila harufu ya kukushtua, vizima moto viwe na tarehe, na mtu mmoja asiyekunywa siku hiyo kazi yake iwe kuhesabu watu wanaoingia. Mkiona hamwezi hayo, hilo si ukumbi wa shoo, ni stoo, itumieni kwa mazoezi.

Pia watu watarudi vipi? Saa sita usiku barabara ya kando kule ni giza, matatu ni za kubahatisha. Kodisheni matatu moja ya kupeleka watu mpaka mjini, iingie kwa bei ya tiketi.

Pesa: kodi inakuja kila mwezi shoo iwepo isiwepo, na depoziti. Bila watu wengine wa kugawana nao, seremala, mchoraji, mpiga picha, godauni litawala kabla ya mwaka kuisha.

Uhuru: mkidumu, ni wenu. Hakuna mpira, hakuna karaoke. Hakuna sehemu nyingine hapa inayowapa hivyo.

Inawafaa kikundi kilichosajiliwa, chenye akaunti ya benki na angalau mtu mmoja anayependa kujaza fomu, mtu huyo msimuudhi.

Ukumbi wa kaunti ama kituo cha utamaduni

Hapa vijana wengi wanakunja uso. Ukumbi wa jamii, kama ule wa Kaloleni, kwao ni mahali pa mikutano na semina. Mimi naona wamekosea kwa haraka. Ukikodisha ukumbi wa kaunti una risiti ya kaunti mkononi, na askari wa kanjo akija anakuta ni nyumba ya mwajiri wake, si kwamba hawezi kuwafunga mkizidisha, lakini mazungumzo yanaanza tofauti kabisa.

Karatasi: barua ya maombi, malipo, risiti, na nakala kwa OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, ajue kuna watu. Vituo kama Alliance Française na Goethe-Institut pale mjini ni njia nyingine, huko mnapeleka pendekezo miezi kadhaa mapema na mnaingia kwa ratiba yao, karatasi nyingi ni zao na mitambo ni mizuri. Usidhani hawataki muziki mgumu, dunia imeshasikia kelele za Nairobi, kundi la Duma lilitoka kwa metal ya hapa hapa, rekodi yao ikatolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala na wakazunguka Ulaya. Andika pendekezo kama mtu mzima.

Kelele: kumbi za zamani ziko katikati ya estate, kwa hivyo ni mchana tu. Ndani kuna mwangwi mkali, simiti chini na ukuta mtupu, hamtaelewa hata neno moja. Jazeni watu, watu wananyonya sauti kuliko kitu chochote, na punguzeni ampu za jukwaani badala ya kuongeza spika za mbele.

Usalama: milango mipana, vyoo, barabara yenye taa, stendi karibu. Bora kuliko kote.

Pesa: ada ni ya wastani, lakini hamuuzi pombe kwa hivyo mlango ndio kila kitu, pamoja na tisheti na chapo. Hiyo si aibu. Kule Berkeley, Kalifonia, 924 Gilman Street imeendelea tangu 1986 kwa mtindo huo, hakuna pombe, kila umri unaingia, watu wana kadi za uanachama na kazi inafanywa na wa kujitolea. Mkiondoa pombe mmeondoa leseni nzito kuliko zote na sababu nusu za ugomvi.

Uhuru: saa ya kufunga ni saa ya kufunga, mlinzi ana funguo na anataka kwenda kwake. Kunaweza tokea mkutano wa MCA (mwakilishi wa wadi) ama harambee ya mazishi mkasukumwa tarehe nyingine. Na matusi kwa maiki kuna wazee wamekaa nje wanasikia.

Inawafaa wenye mashabiki wa sekondari na chuo, wanaotaka kufanya kila mwezi bila kuogopa, na wasiohitaji bia ndio washangilie.

Wakija je?

Popote mlipo, wakibisha, mtu mmoja aongee na awe yule mwenye faili. Faili iwe na risiti, barua ya OCS yenye muhuri, nakala ya permiti, mkataba. Shusha sauti kabla hujaenda getini, sio baada, wakisikia imeshuka wenyewe wameshalegea. Msirekodi usoni kwa mtu kwa fujo, msiimbe nyimbo za kupinga polisi kwa maiki hata kama zinawasha. Uliza kwa heshima malalamiko ni ya nini na kanuni gani, andika jina. Kuhusu chai, mkitoa leo mmefungua akaunti, na Jumamosi ijayo watakuja wawili. Afadhali mfunge saa moja mapema mtoe watu vizuri, mbaki na jina zuri kwa ile barabara.

Kwa hali yenu

Mko chini ya watu 40 na hii ni shoo ya kwanza ama ya pili: uani, mchana, bila pombe, majirani wameambiwa.

Mashabiki ni watu wa kazi, wanataka bia na hamtaki kusikia neno permiti: baa yenye chumba cha juu, wikendi isiyo na ligi, makubaliano yameandikwa.

Nusu ya watu wenu hawajafika 18, ama mna wazazi wanaopiga simu kila saa: ukumbi wa kaunti. Hapa sioni hata cha kujadili.

Mna bendi moja kubwa kutoka nje inakuja na inahitaji mitambo ya kweli: kituo cha utamaduni, na mwandike mapema sana.

Mmefanya shoo mwaka mzima bila kukatiza, mko na pesa kidogo kwa akaunti, mko na mtu wa fomu na watu wengine wa kugawana kodi: sasa ndio mwende mkaangalie godauni, mwende mchana, mhesabu milango kabla ya kuangalia dari.

Mnapenda usiku, muziki wenu ni wa usiku na hamtaki kusikia saa nane mchana: basi ni baa ya eneo la biashara yenye leseni inayoruhusu saa hizo na ukuta mzito, mlipe zaidi, na hata hapo mpime nje na ile 35 akilini.

Na kama shoo ni Jumamosi hii, mahali pamewatoroka, na rafiki wa rafiki amesema ana godauni ambalo hakuna hata mmoja wenu ameliona: ahirisheni. Rudisheni pesa za watu kwa M-Pesa usiku huo huo, na mtoe tarehe mpya mkishapata risiti ya ukumbi, sio kabla.